Liva ya gia imelegea kwenye Volkswagen ya baba: ninunue fupi ya kisasa?

"Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, ya marehemu baba. Naitumia hapa Dodoma mjini na kwenda shambani Hombolo mwisho wa wiki. Liva ya gia imelegea mno. Hata ikiwa ndani ya gia ya nne naweza kuizungusha kama mwiko kwenye sufuria. Rivasi naitafuta mpaka jasho linanitoka. Mara mbili, nikitoa tatu kurudi mbili, gia imelia vibaya kana kwamba imegusa rivasi. Asubuhi gia ya pili inakwaruza. Fundi wangu anasema dawa ni kuagiza liva fupi ya kisasa, na mtandaoni nimeona za aina tatu: moja inafanana na ya zamani, moja ina kishikio cha kuvuta kwa vidole, na nyingine ni ndefu iliyopinda. Fundi mwingine anasema nisipoteze pesa, ataikata hii niliyonayo na kuichomelea iwe fupi. Pesa ya kununua ninayo, ila sitaki kuharibu gari la baba. Nichague ipi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza ununue liva ipi, lakini dalili ulizozitaja zinaniambia kwamba liva huenda ndiyo kitu kizima kuliko vyote kwenye mfumo wako wa gia. Nitakujibu kuhusu zile aina tatu, na kuhusu kukata na kuchomelea pia. Kwanza lakini twende chini ya gari, kwa sababu ukinunua kabla ya kujua ugonjwa utakuwa umemvalisha mgonjwa suti.

Gari nyingi ulizozoea, liva imekaa juu ya giaboksi yenyewe au jirani yake. Beetle haiko hivyo. Injini na giaboksi viko nyuma, wewe umekaa katikati, na kati ya mkono wako na giaboksi kuna fimbo ndefu ya chuma inayopita ndani ya lile nundu la katikati ya sakafu. Ncha ya chini ya liva ni kigololi kilichoingia kwenye kikombe cha ile fimbo. Ukisukuma liva mbele, fimbo inakwenda nyuma. Ukiivuta, fimbo inakuja mbele. Ukiilaza kushoto au kulia, fimbo inajizungusha kidogo, na huko kujizungusha ndiko kunakochagua kama unaingia njia ya moja na mbili, ya tatu na nne, au ya rivasi. Karibu na liva fimbo imeshikwa na bushi ya plastiki. Mwisho wake, chini ya siti ya nyuma, inaungana na giaboksi kwa kiungo chenye mipira, ili mtikisiko wa injini usipande mpaka mkononi mwako.

Sasa hesabu vitu vinavyoweza kulika: kigololi cha liva na kikombe chake, springi, kile kibati cha chini ya liva kinachozuia usiingie rivasi kwa bahati mbaya, bushi ya fimbo, mipira ya kiungo cha nyuma, na mauntingi, yaani vishikizo, za giaboksi. Gari lina zaidi ya miaka hamsini, na limeishi Dodoma. Vumbi letu unalijua. Ule mpira unaovalishwa shingoni mwa liva ukichanika, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye kigololi, linachanganyika na grisi, na grisi inageuka msasa. Kila ukibadili gia unapiga msasa chuma chako mwenyewe. Na huku kwetu gia zinabadilishwa sana: toka mjini uelekee Kibaigwa au uelekee Bahi, ukahesabu matuta na vibao vya 50.

Turudi kwenye liva fupi, maana watu wengi hawajaelezwa inafanya nini hasa. Liva ni mtaimbo. Ina sehemu ya juu unayoishika, ina egemeo, na ina sehemu ya chini inayosukuma fimbo. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Juu ya egemeo kuna sentimita 30, chini kuna sentimita 5. Fimbo ikitakiwa kusogea sentimita 2, mkono wako utasogea sentimita 12. Mtengenezaji wa liva fupi anapandisha egemeo au anarefusha sehemu ya chini, tuseme iwe sentimita 7.5. Sasa kwa zile zile sentimita 2 za fimbo, mkono unasogea sentimita 8 tu. Ndiyo raha yake: gia zinakuwa karibu karibu, mkono hauendi mbali. Lakini mtaimbo haukupi bure. Ulichookoa kwenye mwendo unakilipa kwenye nguvu, na katika mfano huu mkono utasukuma kwa nguvu mara moja na nusu ya ile ya zamani.

Hapo ndipo dosari inapojificha. Kama kiungo chako cha nyuma kimelika na kuacha mchezo, yaani nafasi ya kulegea, wa milimita 5, kwa liva ya zamani utauona mchezo huo kwenye kirungu cha juu ya liva kama sentimita 3. Ukifunga liva fupi utauona kama sentimita 2. Utashuka kwenye gari unatabasamu, utasema imekaza. Kule nyuma hakuna kilichobadilika. Milimita 5 zako ziko pale pale, fimbo bado inajizungusha hovyo wakati wa kuchagua njia, na mkono wako unahisi gia imeingia wakati mipira iliyochoka ndiyo iliyobonyea. Niliwahi kuletewa Beetle ya namna hiyo, imefungwa liva ya kupendeza, mwenyewe anailalamikia kwamba gia ya tatu ilimtoka akiteremka milima ya Kolo, injini ikabaki inapiga kelele na gari linaongeza mwendo, yeye amebaki na breki peke yake. Nilipofungua kiungo cha nyuma, mipira haikuwepo tena. Kulikuwa na unga mweusi na chuma kikigonga chuma. Aliyemfungia liva hakufungua kule nyuma hata kuchungulia.

Kuhusu mbili kugusa rivasi, hilo nataka ulichukulie kwa uzito. Kwenye Beetle rivasi iko kushoto na nyuma, upande ule ule wa gia ya pili, ila lazima ubonyeze liva chini kwanza ndipo ivuke kile kibati cha kuzuia. Kibati kikilika, au fundi akikirudisha kimegeuzwa, ule mpaka kati ya mbili na rivasi unafutika. Mkono wako unavuta mbili, fimbo inapeleka rivasi. Gari likiwa kwenye mwendo utasikia ule mlio uliousikia. Ukiendelea hivyo utavunja meno ya gia, na meno yakishavunjika hatuzungumzii tena bushi. Tunazungumzia kushusha injini na giaboksi.

Basi fanya hivi kabla hujatuma pesa popote. Egesha gari mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, zima injini. Nyanyua siti ya nyuma. Upande wa kulia utaiona betri. Hakikisha ina kifuniko chake au angalau kipande cha mpira mzito juu ya nguzo. Springi za siti ya Beetle zikikandamizwa na abiria mzito zinaweza kugusa nguzo za betri na kuwasha moto, na ujazo mkavu wa kiti unashika haraka sana. Nimetoka kwenye mada, lakini siti ikishanyanyuliwa sikuachi upite bila kuangalia hilo.

Ukishaitoa siti, katikati ya sakafu, kwenye nundu, utaona kifuniko kidogo chenye skrubu. Kifungue, mulika na tochi. Mwombe mtu akae mbele abadilishe gia taratibu, moja, mbili, tatu, nne, na wewe usitoe macho kwenye kiungo. Angalia kama upande wa mbele wa kiungo unaanza kutembea kabla ya ule wa nyuma. Kwenye kiungo kizima, pande mbili zinakwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa nira moja. Kwenye kiungo kilichokufa utaona wa mbele anatangulia, halafu wa nyuma anastuka. Angalia pia ile skrubu inayobana kiungo kwenye fimbo: ncha yake inatakiwa ikae ndani ya kishimo cha fimbo, na kichwa chake kiwe kimefungwa kwa waya mwembamba ili isijifungue. Ule waya mafundi wengi wanauacha wakiona ni urembo. Skrubu hiyo ikifunguka barabarani, liva inabaki mkononi mwako kama fimbo ya kuchungia, haina mawasiliano na kitu chochote.

Kisha njoo mbele. Liva imeshikwa na bolti mbili za spana namba 13. Kabla ya kuzilegeza, chora mstari kwa msumari kuzunguka kitako cha liva ili ujue kilikaa wapi, na ukishainua liva piga picha kile kibati kabla hujakigusa, namna kilivyokaa na upande gani kimekunjwa juu. Picha hiyo itakuokolea nusu siku. Shika kigololi, kipapase. Kinatakiwa kiwe mviringo. Ukikuta upande mmoja umekuwa bapa kama kisigino cha ndala, kimekwisha. Bushi ya fimbo iko humo humo ndani ya nundu karibu na tundu la liva. Ikiwa imepasuka au ile ringi yake ya waya imechomoka, huenda umekuwa ukisikia mlio wa kutetemeka kila ukikanyaga mafuta na hukujua unatoka wapi.

Vitu hivi vyote, yaani bushi, mipira ya kiungo, springi na kibati, kwa pamoja ni rahisi kuliko liva yoyote kati ya zile tatu ulizoziona, na fundi mtulivu anavimaliza kwa siku moja. Kwa kiungo cha nyuma, kuna bushi za mpira wa kawaida na kuna zile ngumu za yurethani. Zile ngumu zinadumu na zinaifanya gia isikike vizuri mkononi, ila zinaleta mvumo wa giaboksi ndani ya gari. Kwa gari la kwenda Hombolo na kurudi, mimi ningefunga za kawaida zilizo bora. Na kwa fimbo, usikubali bushi ya plastiki laini inayokunjika kwa vidole.

Kuna mambo mawili yanayoweza kukudanganya, yachunguze sambamba. La kwanza ni klachi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, ndipo uingize rivasi. Rivasi haina sinkromeshi, zile ringi za kusawazisha mwendo wa gia, kwa hiyo ikiwa italia baada ya kungoja hivyo, klachi yako haiachii sawasawa na hakuna liva duniani itakayoponya hilo. Pedali inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kukaza. Unairekebisha kwa ile nati yenye masikio iliyoko kwenye kebo ya klachi, upande wa gurudumu la nyuma kushoto. La pili ni mafuta ya giaboksi. Beetle yako inataka SAE 90 ya daraja la GL-4, kama lita 2.5 ukibadilisha. Madukani utakuta GL-5 imejaa na muuzaji atakuambia ni bora zaidi kwa sababu namba ni kubwa. Mwambie hapana. Nyingi kati ya hizo zina dawa ya kulinda gia ambayo si rafiki wa ringi za shaba za sinkromeshi. Huko kukwaruza kwa mbili asubuhi kunaweza kutokana na mafuta yasiyofaa, au ringi zilizochoka. Na hapa liva fupi inaweza kuongeza tatizo: kazi ya ile ringi ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijakutana, na inahitaji nafasi ya muda mfupi. Liva fupi inakushawishi uvute haraka. Ringi nzima itamudu, ringi iliyochoka italia.

Tuseme umefanya yote hayo, gia zinaingia vizuri, na bado roho yako inataka liva fupi. Si dhambi. Nimeziendesha, na kwenye Beetle yenye mfumo mzima ni jambo la kufurahisha kwelikweli. Zile za kiwandani mwendo wake ni mrefu, kama unakoroga ugali wa harusi.

Ile inayofanana na ya zamani ndiyo ningekuchagulia. Haihitaji kukata sakafu wala zulia, inafungwa kwa bolti zile zile mbili, na siku ukichoka nayo unarudisha ya baba. Ya kishikio cha kuvuta ilizaliwa kwenye michezo ya magari huko Marekani. Kishikio kile kinafungua njia ya rivasi badala ya kubonyeza chini. Kwa usalama ni nzuri, kwa sababu rivasi haiwezi kuingia bila vidole vyako kuamua. Ubaya wake, kila atakayeazimwa gari, hata kijana wa kuosha magari anayetaka kulisogeza, lazima afundishwe. Kwa gari linaloendeshwa na watu wengi wa nyumbani ningeiacha.

Ile ndefu iliyopinda, iangalie kwa makini sana. Nyingi zimepindwa kumfuata dereva wa usukani wa kushoto, anayeshika gia kwa mkono wa kulia. Sisi tunakaa kulia na tunashika gia kwa mkono wa kushoto. Liva ile ikifungwa kwenye gari lako itainama kumkimbia dereva kuelekea kwa abiria, na gia ya kwanza, ambayo tayari iko upande wa mbali na wewe, utaifuata kwa bega. Sijaona muuzaji anayelitaja hili kwa hiari yake. Muulize yeye: liva imenyooka au imepinda, na kama imepinda, ni kuelekea wapi? Muulize pia kama inakuja na kibati chake cha kuzuia rivasi au utatumia cha zamani. Mtajie mwaka wa gari, 1972, maana za kabla ya 1968 zinatofautiana. Hata uzi wa kirungu ni tofauti: yako ni milimita 12, na zile za kabla yake ni nyembamba zaidi. Ukishindwa kupata majibu haya, usinunue.

Fundi anayetaka kukata na kuchomelea, kihesabu hajakosea: ukipunguza sehemu ya juu ya mtaimbo, mwendo wa mkono unapungua. Tatizo ni mahali anapokata. Kiungo cha kuchomelea katikati ya liva ni mahali pa kuvunjikia, na kitavunjika siku unavuta kwa nguvu, yaani siku unayoihitaji gia kuliko siku zote. Joto la kuchomelea likishuka mpaka kwenye kigololi na springi, navyo vinalegea. Kama ni lazima, apunguze juu kabisa na achonge uzi mpya wa kirungu bila moto wowote. Lakini ile liva baba yako aliishika miaka yote hiyo, na ukishaikata hairudi. Mimi nisingeikata.

Siku ya kufunga, iwe mpya au ya zamani, ipake grisi kigololi na kikombe, weka gari kwenye gia ya pili, kaza bolti kidogo tu, sogeza kitako mpaka liva isimame sawa bila kubanwa upande wowote, ndipo ukaze kabisa. Jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa, rivasi mara kumi. Halafu jaribu kuingia rivasi bila kubonyeza. Ikikubali, kibati kimekaa vibaya, fungua tena. Na usisahau mpira mpya wa shingoni, la sivyo vumbi litaanza kazi yake jioni hiyo hiyo.

Sasa nikuambie lini uache kujaribu mwenyewe. Ukishabadilisha bushi na kiungo, na bado gia inachomoka ukiachia mafuta, tatizo limeingia ndani ya giaboksi au kwenye pua yake ya mbele, ambako kuna mkono mdogo unaopokea kazi kutoka kwenye fimbo. Ukisikia mvumo unaobadilika kila gia, au rivasi ikikataa kabisa klachi ikiwa nzima, ni hivyo hivyo. Hapo usiende Hombolo wala Mtera. Lete gari, au mwite fundi aliyewahi kushusha giaboksi ya Volkswagen kwa mikono yake. Kabla ya giaboksi kushushwa, mwaga mafuta yake yakiwa ya moto, kwenye beseni safi, usiyachanganye na kitu. Uje nayo, maana nitataka kuona kilichotuama chini.